Duara Likikunjwa Mara Nne

Mfarishi wa maduara ukitandikwa kitandani huonekana kwa mbali kuwa na maduara yaliyopandiana, kila moja likiingia ndani ya manne yanayolizunguka, na kila yanapokutana pamechanua ua la petali nne. Ukisogea na kuupapasa ndipo unapogundua kwamba humo hamna duara hata moja. Kila kipande ni mraba. Kingo za duara zimelazwa ndani kutoka pande nne, zikashonewa juu ya tabaka la pamba, kisha mraba uliopatikana ukaungwa na mwenzake ubavu kwa ubavu. Kama ilivyo kawaida ya mifarishi, huu nao una matabaka matatu: kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini. Lakini mifarishi mingi hupitia hatua tatu zinazofuatana. Kwanza viraka huungwa mpaka kitambaa cha juu kikamilike; kisha matabaka yote hutandazwa na kupigwa bandi; halafu hushonwa pamoja kutoka mwisho hadi mwisho na kuzungushiwa utepe ukingoni. Katika mfarishi wa maduara, hatua hizo zote humalizika ndani ya kipande kinachoenea kiganjani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko urembo wake. Ni ufundi unaomfaa mtu asiye na meza pana, asiye na chumba cha kazi, na ambaye siku yake imekatikakatika kati ya jiko, shamba, duka na watoto. Kwa sababu hiyo nadai kwamba ufundishwe na ulipwe kama kazi ya akili, badala ya kuhesabiwa miongoni mwa mapambo ya kupitishia jioni.

Tuanze na umbo lenyewe, kwa kuwa hoja yote imesimama juu yake. Maduara hayawezi kujaza eneo. Panga sahani mezani uonavyo wewe, mianya haitakosekana kati yake: zikipangwa kwa safu zilizonyooka, mianya itachukua zaidi ya asilimia 21 ya meza, na zikipangwa kwa kupishana bado itachukua zaidi ya asilimia 9. Miraba haina kasoro hiyo. Huungana pande zote bila kuacha tundu. Sasa chukua duara la kitambaa lenye kipenyo cha sentimita 20. Ndani yake unaingia mraba wenye ubavu wa sentimita 14 na kidogo, pembe zake nne zikigusa ukingo. Duara zima lina sentimita za mraba 314, na mraba una 200. Zile 114 zinazosalia zimegawanyika katika vipande vinne vya umbo la upinde, kimoja kila ubavu, na hivyo ndivyo vinavyokunjwa kuingia ndani. Penye pembe pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Kila upinde hufika kwenye pembe ukiwa umeinama digrii 45 kutoka ubavu wake. Pembe ya mraba ina digrii 90. Kwa hiyo pinde mbili jirani hukutana sawasawa juu ya mstari wa mshazari; hazipandiani, haziachani, na hakuna cha kupunguza kwa mkasi. Katikati hubaki uwazi wenye mbavu zilizobonyea, karibu asilimia 43 ya mraba, ambamo kitambaa cha rangi nyingine huchungulia. Na miraba inapoungwa, upinde uliokunjwa ndani ya mraba mmoja ndio unaolikamilisha duara la mraba wa pili. Duara tunaloliona kwa mbali limechorwa na majirani wanaolizunguka.

Mshonaji hahitaji kuzijua hesabu hizo ili kazi imtokee vizuri. Anachora duara kwa kifuniko cha sufuria, analikata, analikunja nusu, kisha nusu tena, na akilifungua anaona alama nne ukingoni: hizo ndizo pembe za mraba wake. Hata hivyo kuna jambo moja asilopaswa kulipuuza, nalo ni mwelekeo wa nyuzi za kitambaa. Kitambaa kilichofumwa hakinyumbuliki kwa kufuata nyuzi za urefu wala za upana, ila kwa mshazari huvutika na kupinda. Mikunjo ile miwili ya mwanzo ndiyo mishazari ya mraba utakaopatikana. Ikipita juu ya mshazari wa kitambaa, basi mbavu za mraba zitaangukia kwenye nyuzi zilizonyooka na zitatulia. Ikifuata nyuzi, mbavu zote nne zitakuwa za mshazari, zitavutika kila zinaposhikwa, na mfarishi utaanza kuyumba tangu safu ya tatu. Fundi yeyote aliyewahi kukata sketi ya mshazari anaielewa hatari hiyo. Tena kosa hapa hujikusanya: mraba ukizidi kwa milimita mbili tu, safu ya miraba 14 itazidi kwa karibu sentimita tatu. Ndiyo maana washonaji makini hukata kipimo cha boksi gumu, wakapitisha uzi kwenye ukingo wa duara, wakauvuta uzi huo mpaka ukingo ujikunje juu ya boksi, wakapiga pasi, ndipo wanapolitoa boksi. Ukingo unatoka laini, na upana wake ni uleule kwa vipande vyote.

Baada ya hapo, ndani ya alama nne huwekwa mraba wa pamba uliopunguzwa kidogo, au kipande cha blanketi kuukuu, na juu yake kitambaa cha rangi kitakachoonekana katikati. Pinde nne hulazwa juu na kushonwa kwa mishono midogo. Miraba miwili iliyokamilika huwekwa uso kwa uso na kuungwa kwenye mkunjo, kwa mshono wa kuzungusha. Wenye cherehani wana njia yao: maduara mawili hushonwa kuzunguka pande zote, moja hupasuliwa kidogo katikati, kazi hugeuzwa nje kupitia mpasuko huo, na pamba inayowekwa baadaye huufunika mpasuko usionekane tena. Miraba huungwa kwa kupitisha cherehani kwenye mstari wa ubavu, halafu pinde hulazwa na kushonwa. Njia ya pili ni ya haraka na ni imara zaidi, lakini hula kitambaa maradufu. Kwa njia zote mbili, mfarishi ukimalizika kuungwa umemalizika kweli. Hauhitaji bitana ya nyuma, wala utepe wa ukingoni, kwa sababu kila ukingo wake ni mkunjo.

Mpangilio huu unapaswa kulinganishwa na kile ulichokiepuka. Mfarishi wa kawaida, uliounganishwa juu na kutandazwa juu ya pamba, unadai nafasi. Katika nyumba nyingi za Marekani za karne ya 19, kazi hiyo ilihitaji fremu ya mbao yenye upana unaokaribia kitanda, na palipokuwa na chumba kimoja fremu ilivutwa kwa kamba mpaka darini ili watu wapate pa kukaa na kula. Ndiyo maana majirani waliitana kuja kushona pamoja: kazi ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu mmoja angeizuia nyumba kwa majuma. Anayepata dakika 20 mchana na dakika 30 usiku hawezi kuifungua na kuikunja kazi ya namna hiyo kila mara. Muda mwingi ungeishia kwenye matayarisho. Mraba wa sentimita 14 hauna matayarisho. Sindano, uzi na kipande huingia kwenye mfuko wa gauni, na kazi inaweza kusimama katikati ya mshono bila chochote kuharibika.

Ili faida ya mkunjo ionekane wazi, inafaa kumtazama ndugu wa karibu wa mfarishi huu, yaani ule wa maduara yanayofinywa, ambao ulipendwa sana Marekani katika miaka ya 1920 na 1930. Huo pia huanza na duara. Uzi hupitishwa ukingoni, huvutwa mpaka duara lifumbe kama kifuko bapa, kisha vifuko huunganishwa kwa mishono michache kila vinapogusana. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kitambaa chake mara nyingi kilitoka kwenye magunia ya pamba ya unga na ya chakula cha kuku. Viwanda viligundua kwamba akina mama wanachagua gunia kwa kuangalia maua yake, vikaanza kuyachapa magunia kwa nakshi za kuvutia na kuweka nembo zinazotoka kwa maji. Gunia la ratili 100, likifumuliwa mishono, lilitoa karibu meta moja ya mraba ya kitambaa. Umaskini ndio uliolazimisha kazi hiyo, lakini namna ya kuitimiza ilitoka kwenye akili ya washonaji. Tatizo ni kwamba kifuko kilichofinywa hubaki duara, na maduara yakiungwa huacha matundu. Upepo unapita. Kifuniko hicho ni cha kupamba juu ya kitanda, hakimfuniki mtu. Isitoshe, duara likifinywa hupungua kipenyo hadi nusu, kwa hiyo eneo lake hubaki robo. Kwa vifuko vya sentimita tano, kitanda cha sentimita 200 kwa 230 kinataka vifuko 1,840. Mkunjo unatatua mambo yote mawili kwa mpigo: unaligeuza duara kuwa umbo linalojaza eneo, na unabakiza karibu theluthi mbili ya eneo lake. Kitanda hichohicho hufunikwa kwa miraba 224 tu, safu 16 za miraba 14.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya kigeni atazame jinsi mkeka unavyotengenezwa katika pwani yetu. Msukaji haanzi na mkeka. Anaanza na ukili, ukanda mwembamba wa miyaa au wa ukindu, anaousuka akiwa barazani, akimsikiliza mgeni, akisubiri chungu kichemke. Ukanda unarefuka, unaviringwa, unawekwa pembeni, unachukuliwa tena kesho. Ukishatosha ndipo unaposhonwa ukanda kwa ukanda hadi mkeka upate upana wake. Kitu kipana kimetokana na kitu chembamba kinachobebeka, na kazi ya siku nyingi imegawanywa katika vipindi ambavyo maisha yanaviruhusu. Kofia za kushonwa kwa mkono za Unguja, Lamu na Mombasa nazo ni hivyo: kitambaa cheupe kilichopandishwa tabaka, kinachojazwa nakshi na vitundu kidogo kidogo, na mshonaji anaendelea nacho popote alipoketi. Wanaume wanashona, wanawake wanashona. Kwa hiyo fundi wa Kiswahili anapokutana na mfarishi wa maduara hakutani na mgeni kabisa. Anakutana na mantiki anayoijua, ikiwa imevaa kitambaa.

Ushahidi wa pili unatoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kwa watu walio damu yetu. Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, ni wazawa wa Waafrika waliovushwa bahari kwa karne nyingi, wengi wao kutoka upande huu wa mashariki, utumwani na katika shughuli nyingine. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Hawaungi viraka kwanza. Huchukua sari kuukuu iwe tabaka la chini, huanzia kwenye pembe, na kila kiraka kinapowekwa hushonwa hapohapo kwa mishono inayopenya matabaka yote, wakizunguka ukingo na kuingia ndani mpaka wafike katikati. Mwishoni pembe nne hutiwa vitambaa vilivyokunjwa, ambavyo wao huviita maua, na mfarishi usio na maua hayo huonwa kuwa uko uchi. Kawandi haina maduara, na sidai kwamba njia hizi mbili zimetoka chemchemi moja. Ninachosema ni kwamba watu wasiofahamiana, waliokosa fremu na nafasi, wamefikia uamuzi uleule: kuunga na kushona matabaka kuwe tendo moja. Uamuzi unaorudiwa mahali pengi na watu wengi una sababu, na sababu hiyo ni muda na nafasi.

Wapo wapinzani wenye hoja, na wa kwanza ni wale walinzi wa fani wanaosema kwamba huu si mfarishi wa kweli. Mfarishi, kwa mujibu wao, ni ile mishono inayopita juu ya kazi nzima na kuyashika matabaka pamoja; kilichoungwa vipande vipande kimekosa uti wa mgongo. Nawaelewa, kwa maana mishono ile ina uzuri wake, na mkono mwepesi hutambulika hapo kuliko mahali pengine popote. Lakini tuulize mishono hiyo ina kazi gani. Inazuia pamba isitembee na kukusanyika upande mmoja baada ya kufuliwa. Katika mfarishi wa maduara, pamba imefungiwa ndani ya mraba wa sentimita 14 na kushikwa na pinde nne. Haina pa kwenda. Pinde hizo zikishonwa kwa kupenya mpaka nyuma, matabaka yameshikana kama yanavyoshikana katika mfarishi mwingine wowote, na urefu wa mishono si wa kudharau: kila mraba una karibu sentimita 63 za pinde, kwa hiyo miraba 224 ina kama meta 140. Kuna faida nyingine ambayo walinzi hao huisahau. Mraba ukiungua kwa pasi au kuchafuka kwa wino, unafumuliwa peke yake na kubadilishwa. Mfarishi ulioshonwa kwa mkupuo mmoja hauna ukarimu huo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya kitambaa. Inasemwa kwamba njia hii ni ya anasa, kwamba kumwambia maskini akate maduara kutoka kwenye kitenge na kuacha pembe zake sakafuni ni kumpotosha. Tupige hesabu. Duara la sentimita 20 linatoka kwenye kipande cha sentimita za mraba 400, na linatoa mraba wa 200. Yaani kitambaa kimetumika mara mbili ya eneo lililofunikwa, hata tukizihesabu pembe zilizotupwa. Mfarishi wa kawaida nao unatumia mara mbili, juu na chini, na bado haujahesabiwa upindo wa mishono. Viraka vikiwa vidogo, upindo huo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani: kiraka cha sentimita tano, kikiachiwa robo tatu ya sentimita kila upande, kinakatwa kwa sentimita sita na nusu, na hapo kitambaa kimezidi kwa asilimia 69. Hata ile njia ya kukunja mraba badala ya duara, pembe nne zikiletwa katikati, inatoa nusu vilevile. Na ile inayokunja pembe mara mbili, ambayo hufananishwa na madirisha ya makanisa makubwa, inabakiza robo tu na kuufanya mfarishi uwe mzito. Kwa hiyo duara halistahili lawama peke yake. Kweli ni kwamba linadai kitambaa cha ziada cha kuweka katikati, na kwa njia ya mkono jumla inaweza kufika mara tatu. Siwezi kulificha hilo. Anayenunua kitenge kipya dukani kwa ajili ya maduara anajitia hasara, na singemshauri mtu afanye hivyo. Njia hii ni ya kitambaa ambacho tayari kimeshalipiwa: vipande vinavyobaki chini ya meza ya fundi cherehani baada ya kukata magauni, shuka zilizochakaa katikati lakini zima pembeni, mashati ya mitumba yaliyokosa mnunuzi. Kipande cha sentimita 20 ni kidogo mno kwa nguo nyingi. Hapa kinatosha kabisa, na chenye sentimita 12 tu kinaweza kutoa mraba wa sentimita nane na nusu. Pembe zinazoanguka hujaza mito.

Suala la joto halihitaji maneno mengi. Ni kweli kwamba Mombasa na Dar es Salaam hazina haja ya pamba kitandani. Lakini Afrika Mashariki haikai yote ufukweni. Makete, Njombe, Lushoto, Limuru, Nyandarua na Kabale wanaijua baridi ya usiku, na kule uwanda wa Kitulo sakitu huonekana asubuhi za Juni na Julai. Pwani nako, mfarishi wa maduara hukubali kuachwa bila pamba. Mkunjo wenyewe unaupa uzito wa kutosha kutulia kitandani au juu ya kochi.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la bei. Blanketi la kiwandani linapatikana sokoni kwa fedha ndogo, lina joto, na linafulika. Nani atanunua kitu kilichoshonwa kwa mkono? Tuseme mshonaji mzoefu anatumia dakika 40 kwa kila mraba, kuanzia kukata mpaka kuunga. Miraba 224 ni karibu saa 150. Saa hizo zikilipwa ujira wa haki, mfarishi utakuwa na bei ambayo familia ya kawaida haiwezi kuigusa. Zikilipwa kwa bei ya blanketi la kiwandani, mshonaji atakuwa ametoa jasho lake bure. Nakubali kabisa kwamba mfarishi huu hautashindana na kiwanda, na ninawaonea mashaka wanaowaendea wanawake vijijini na kuwaambia kwamba sindano itawatoa kwenye umaskini. Kosa linaloharibu mjadala huu ni kuuchukua muda uliokatikakatika kana kwamba ni muda usio na thamani. Mtu anayeshona dakika 20 kati ya kazi mbili hajaokota dakika hizo barabarani. Alikuwa na haki ya kuzipumzikia. Njia inayomwezesha kuzitumia haimpi mnunuzi ruhusa ya kuzichukua bila malipo.

Historia ya mifarishi ina kisa kinachoonyesha dhuluma hiyo waziwazi. Mwaka 1933, wakati wa maonyesho ya dunia ya Chicago, kampuni ya Sears iliandaa shindano la kitaifa la mifarishi, na zaidi ya 24,000 ilipelekwa kutoka kila pembe ya Marekani. Zawadi kuu ya dola 1,000, fedha nyingi mno katika mwaka ule wa njaa, ilimwendea Margaret Rogers Caden wa Lexington, Kentucky, na mfarishi wake ukakabidhiwa Eleanor Roosevelt, mke wa rais. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba Caden hakuushona. Walioushona ni wanawake wengine aliowapa kazi kwa ujira mdogo, na zawadi haikugawanywa. Kazi iliyokamilika haikuonyesha mkono wa mtu. Upo pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 1966, wanawake weusi wa Wilcox, Alabama, walianzisha ushirika wa ushonaji ulioitwa Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi yao kwa jina lao wenyewe, wakanunua ardhi na kujenga jengo la kushonea. Mwaka 1972 waliingia mkataba na kampuni ileile ya Sears wa kushona foronya za kodroi. Mkataba ulileta mapato ya kuaminika, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ya kurudia kipimo kilekile na haikuwaachia nafasi kubwa ya ubunifu. Hata hivyo kila mmoja alijua amefanya nini na anastahili nini, na hilo nalipa uzito kuliko uhuru wa kuchagua rangi.

Hapa ndipo mpangilio wa mfarishi wa maduara unapotoa kitu ambacho mifarishi mingine haikitoi kwa urahisi. Kazi yake inahesabika. Mraba ni kazi kamili, umeshapita hatua zote, na unaweza kulipiwa siku unapokabidhiwa. Kikundi kinachopata oda ya kitanda kizima kinaweza kugawana miraba 224 bila kugombania cherehani wala meza. Aliyeleta miraba 30 analipwa 30, na aliyeuguliwa na mtoto akaleta minane analipwa minane. Wamarekani wa miaka ya 1840 walikuwa na desturi ya kuandika jina la mshonaji kwa wino au kwa uzi juu ya kila kipande cha mifarishi ya urafiki. Nyuma ya mraba wa mkunjo pana uwanja mtupu wa sentimita 14 unaofaa kabisa kwa kazi hiyo, na mnunuzi akiugeuza ataona ni mikono mingapi anayoilipia. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha ukataji vingeweza kuuingiza mraba huu katika masomo ya mwanzo, kwa kuwa unamfundisha mwanafunzi nyuzi, mshazari, upindo na kipimo kwa kitambaa cha kutupwa, na kosa lake halizidi gharama ya kipande kimoja.

Kuhusu malipo, sharti langu lingekuwa moja tu: bei ipangwe kwa mraba, iandikwe kabla sindano haijaingia kwenye kitambaa, na nusu itangulie. Mteja akijitoa njiani, kikundi hakibaki na viraka vya kuwekwa kabatini. Kwa miraba 36 tayari wanacho kifuniko cha mtoto mchanga chenye sentimita 85 kila upande, kingo zake zimekamilika, na kinaweza kuuzwa siku hiyohiyo.